Rosa amenikwamisha, niendelee?

SWALI: Habari dada, mimi fundi cherehani hapa Mbuyuni, Moshi. Nikikosa wateja nasoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, sasa nimefika pale Zakaria anampiga binti yake Rosa kisa barua ya mvulana, nikafunga kitabu nikakiweka chini ya vitambaa, maana nina binti wa darasa la saba na nilimwona yeye kabisa. Niendelee au nitafute kingine?

JIBU: Pole mama. Endelea, ila taratibu, kurasa chache chache. Kilitoka 1971 na kuna kipindi kilizuiwa mashuleni, lakini kwangu mimi wazazi ndo wanaokihitaji haswa, kinaonyesha ukali bila maongezi unamfikisha wapi mtoto. Mwisho wake mzito, nakwambia mapema.

Ukimaliza chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021, kaitafsiri Ida Hadjivayanis. Ndo nayosoma sasa, jana kwenye daladala ya Usa River nimepitiliza kituo: Yusuf, miaka 12, anaondoka na mfanyabiashara tajiri akijua ni ndugu yao, kumbe baba kamweka rehani sababu ya deni! Kiswahili chake kitamu mno. Binti asubiri kwanza, mle kuna mambo ya wakubwa.