Mnyama abaki, nyuma yake pafutwe

Mmeuliza wiki hii: mchoro uliokaa miaka bila mnunuzi uuzwe kwa bei ya kutupa, au urudiwe, yaani upakwe rangi upya? Mimi nachora kwa mtindo wa Tingatinga hapa Dar es Salaam, na nasema urudiwe. Ukishusha bei, mteja anajifunza kusubiri, na wenzako wa vibanda vya jirani nao wanalazimika kushuka.

Ila kwanza uujue ugonjwa wake. Uegemeze ukutani, urudi nyuma hatua kadhaa, kisha uugeuze kichwa chini. Mara nyingi mnyama hana kosa. Chui wangu aliyekaa juu ya tawi alikuwa na madoa safi na macho makali, lakini nyuma yake kulijaa machweo, mbuyu, ndege na mlima Kilimanjaro. Jicho halikuwa na pa kutua. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeuanzisha mtindo huu mwaka 1968, mara nyingi alimweka mnyama mmoja kwenye rangi moja tupu, na mnyama yule anakutazama hadi leo. Basi nilifunika vyote nikaacha chui na tawi lake, nyuma nikapaka njano iliyokolea. Ukingo wa mgongo, ambao zamani ulimezwa na machweo, sasa unakata kama wembe.

Kazi yenyewe inataka subira. Rangi ya mafuta ikishakauka inateleza, na rangi mpya haiishiki vizuri. Futa vumbi na mafuta ya mikono kwa maji ya sabuni, acha ubao ukauke, kisha piga msasa laini taratibu mpaka mng'ao upotee. Paka nyembamba, usubiri ikauke, ndipo urudie. Ukipaka nzito, juu inafanya ngozi huku chini bado mbichi, baadaye inajikunja. Na tafadhali, rangi ya maji usiipake juu ya rangi ya mafuta, itabanduka.

Kuna mchoro nisioweza kuugusa: wa mchoraji aliyekwisha kufariki. Huo usafishwe vumbi tu, hata kama haujapata mnunuzi, kwa sababu mkono ule hautachora tena.

Chui wangu bado yupo kibandani, ila siku hizi watu wanasimama na kuuliza bei, nami natamka ileile ya mwanzo. Nyuma ya ubao nimeandika miaka yote miwili, wa kuchorwa na wa kurudiwa, ili atakayemchukua ajue anachonunua.