Kipande kimoja cha tumbawe, viumbe wawili

Ukishika kipande cha Acropora cervicornis kutoka miamba ya Florida, umeshika viumbe wawili: mnyama, na mwani wa hadubini (mara nyingi Symbiodinium fitti) unaoishi ndani ya seli zake. Wageni wengi katika kazi ya kupima jeni zinazofanya kazi (kwa kuhesabu RNA, yaani nakala za jeni hizo) huharibikiwa kwa kumsahau huyo wa pili.

Kibali kwanza. Tumbawe hili linalindwa na sheria ya Marekani tangu 2006, na sampuli haivuki mpaka bila karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kisha uliza jenotipi, yaani kila koloni ina urithi gani wa jeni. Aina hii huzaliana sana kwa kuvunjika, hivyo koloni kumi zinaweza kuwa ndugu pacha. Afadhali vipande viwiliviwili vya jenotipi sita kuliko kumi na viwili vya jenotipi moja.

Kata kama sentimita moja, chini ya ncha. Ile ncha nyeupe ina mwani kidogo mno. Kata vyote saa ileile, kwa sababu jeni nyingi hufuata jua: kipande cha saa tatu asubuhi na cha saa nane mchana hutofautiana hata kama maji hayajapata joto. Tumbukiza papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika. Kama huna, tumia RNAlater (dawa ya kuzuia RNA isiharibike), ujazo mara kumi wa kipande, kilale kwenye friji ya nyuzi 4 usiku mzima, ndipo kiende kwenye nyuzi -80. Ukikigandisha mapema, dawa haitakuwa imepenya.

Maabara ndipo RNA ya mwani inapopotea. Seli za tumbawe hupasuka kwa urahisi. Mwani una ukuta mgumu. Baada ya kuzungusha mrija kwenye mashine, tazama chini. Ukiona kitone cha kahawia, huo ni mwani mzima, na RNA yake bado imo ndani. Tia shanga za kioo za milimita 0.5, tikisa kwa nguvu sekunde 30, rudisha kwenye barafu, rudia mara mbili tatu.

Ute nao hushuka pamoja na RNA na kuangusha kipimo cha 260/230 (uwiano wa mwanga unaofyonzwa katika nanomita 260 na 230, unaoonyesha usafi wa RNA). Kwa kila mililita 1 ya TRIzol (kemikali ya kutoa RNA kwenye seli), shusha RNA chini ya mrija kwa mililita 0.25 ya isopropanoli na 0.25 ya maji yenye sodiamu sitreti 0.8 M na chumvi 1.2 M (M ni moli kwa lita). Sukari za ute hubaki kwenye maji.

RNA ikishasomwa na mashine, kwenye kompyuta linganisha kila mfuatano uliosomwa na jenomu zote mbili (ya tumbawe na ya mwani) kwa pamoja, tupa unaoangukia kotekote, kisha tenga majedwali mawili ya hesabu za jeni na usawazishe kila moja peke yake. Tumbawe likipauka, mwani hupungua; kwenye jedwali moja utadhani karibu kila jeni ya mwani imezimwa, kumbe wenyewe umetoka. Na hata baada ya kutenga, orodha ya mwani huwa fupi, maana dinoflajelati, kundi la mwani huu, hudhibiti mambo mengi baada ya RNA kuandikwa. Usilegeze kigezo cha takwimu ili irefuke.