Mume anadaiwa, mke hataki duka: maswali na majibu kuhusu mwenzi mwenye madeni na biashara ndogo Uganda

Mume wangu anadaiwa na watu watatu: mkopo wa simu, rafiki yake, na mkopeshaji mmoja hapa mjini. Sasa anataka kukopa milioni 3 afungue kibanda cha mivumba (nguo za mitumba), anasema ndiyo njia ya kulipa yote. Nikikataa anasema simwamini. Nimjibuje? — Mama wa watoto wanne, Arua

Usibishane naye kuhusu mivumba, mama. Mivumba ni biashara nzuri Arua, na ukisema haifai atakutajia watu kumi iliowainua. Bishaneni kuhusu bei ya hiyo milioni 3.

Muombe mkae na karatasi moja. Kila deni lipate mstari wake: nani anadai, alichukua kiasi gani, amebakiza kiasi gani, riba kwa mwezi, tarehe ya kulipa, na kitu alichoweka rehani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye siri nyingi. Mara nyingi hapo ndipo mke anapogundua kwamba kadi ya pikipiki au karatasi ya kibanja, yaani kipande chenu cha ardhi, haiko tena kabatini.

Kisha pigeni hesabu ya mkopo mpya. Mkopeshaji akitoza asilimia 10 kwa mwezi, riba peke yake ni shilingi 300,000, na milioni 3 bado iko palepale. Tuseme kila nguo inamwachia faida ya 3,000. Lazima auze nguo 100 kila mwezi kumlisha mkopeshaji kabla ya kodi ya kibanda, kabla ya chakula, na kabla ya yale madeni matatu ya zamani. Kwa siku 26 za kazi, hizo ni karibu nguo nne kila siku. Ongeza kwamba wakopeshaji wengi hukata ada mapema: unatia sahihi ya 3,000,000, unapokea 2,700,000, na riba inahesabiwa kwa ile kubwa.

Serikali ilikwisha kuwawekea wakopeshaji wenye leseni kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa milioni 3 hiyo ni 84,000. Kwa hiyo mkopeshaji wa asilimia 10 anavuka kikomo hicho, au hana leseni kabisa. Mwulizeni leseni ya UMRA, ile mamlaka inayosimamia mikopo midogo, na muangalie kama ni ya mwaka huu.

Badala ya "hapana", mpe "ndiyo" ndogo. Aanze bila robota, yaani furushi zima la nguo. Anunue vipande 20 au 30 alivyovichagua mwenyewe wakati robota linafunguliwa, kwa pesa mliyo nayo na si ya kukopa, auze wiki nne huku akiandika kila shilingi. Robota zima kwa mgeni ni hatari: huwezi kuchagua, na kilichooza ndani ni chako. Mwisho wa wiki nne daftari litaonyesha anauza nguo ngapi kwa siku. Kama hazifiki nne, huo mkopo ungewazamisha, na safari hii hakuambiwa na mke bali na daftari lake mwenyewe. Kama zinazidi kumi, nawe mama uwe tayari kubadili msimamo.

Kwangu ni kinyume. Mke wangu yuko katika vikundi vinne vya akiba na mikopo, analipa kimoja kwa kukopa kingine. Nina akiba kidogo. Anataka nimpe mtaji wa kuuza chapati na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai). Nimpe? — Mume, Busia

Mpe biashara, usimpe pesa taslimu. Nunua wewe mwenyewe, au mwende pamoja: sigiri (jiko la makaa), kikaango cha chuma, meza, mwavuli, mfuko wa kwanza wa unga, mafuta, trei ya mayai. Shilingi 400,000 ikipita mkononi mwa mtu anayedaiwa na vikundi vinne, Jumanne ya kikundi itafika kabla ya unga kununuliwa. Si kwamba mke wako ni mwizi. Kikundi kina macho ya wanawake 25 yanayomtazama, kibanda hakina hata jicho moja, na mtu hulipa pale penye aibu.

Sasa chapati zenyewe, maana hapa ndipo watu wanapotea bila kujua. Kilo moja ya unga wa ngano na maji kama mililita 600 hutoa donge la kilo 1.6 hivi. Ukikata vidonge vya gramu 120 unapata chapati 13. Tuseme unga ni 5,000, mafuta na chumvi 1,500, makaa 1,000: kilo moja imekugharimu 7,500. Chapati 13 kwa 1,000 ni 13,000, inabaki 5,500. Lakini akikata vidonge vikubwa kwa huruma ya mteja na kupata chapati 10 tu, mauzo ni 10,000 na kinachobaki ni 2,500. Faida imepungua zaidi ya nusu, na mteja hata hakuona tofauti. Weka bei za Busia mahali pa hizi zetu, lakini nunueni mizani ndogo ya jikoni na kupima vidonge wiki ya kwanza mpaka mkono uzoee.

Jioni, kabla ya kufunga, pesa igawanywe hapohapo kibandani. Kwanza inatoka gharama ya unga, mafuta na mayai ya kesho, kamili, na inanunuliwa usiku uleule ikiwezekana. Unga uliomo ndani ya nyumba hauwezi kulipa deni la kikundi. Pili posho yake, kiasi kisichobadilika. Kinachobaki kiende kwenye laini ya simu isiyo na mkopo wowote. Laini hiyo ni lazima iwe nyingine: mkopo wa simu uliochelewa hukatwa mara pesa inapoingia, na mtaji wa kesho huenda hivyo. Kumbukeni pia kodi ya asilimia 0.5 kwa kila pesa mnayotoa kwenye mobile money, juu ya ada ya kutolea. Msiweke na kutoa kila siku.

Kuhusu vikundi vinne, abaki na kimoja. Asikimbie vile vitatu, jina likiharibika Busia halitengenezeki haraka. Amalize mzunguko, siku ya kugawana akiba deni likatwe kwenye hisa zake, kisha asijiandikishe tena.

Mume anaomba niwe mdhamini wake tu, anasema ni sahihi ya kutimiza utaratibu. — Mbale

Usitie sahihi. Kwa sheria zetu za mikataba, mdhamini anadaiwa sawasawa na mkopaji. Mume asipolipa, watakuja kwako, kwa mshahara wako na kwa biashara yako. Deni ambalo mumeo alichukua peke yake si lako kwa sababu tu umeolewa naye. Linakuwa lako siku unapotia sahihi. Mwambie waziwazi kwamba utamsaidia kulipa kwa kiasi unachokiweza, bila karatasi.

Nimegundua mume ameweka karatasi za kibanja tunachoishi kwa mkopeshaji. Kaandikishwa hata "mkataba wa mauziano". Tumefunga ndoa kanisani. Nimechelewa? — Kasese

Hujachelewa, lakini fanya haraka wiki hii.

Sheria ya Ardhi ya 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inakataza kuuza au kuweka rehani ardhi ya familia bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Ardhi ya familia ni hasa ile yenye makazi yenu, mnapoishi na kupata riziki. Sheria ya Rehani ya 2009 nayo inamtaka mkopeshaji achunguze kama mkopaji ana mke au mume, na kama huyo amekubali kuweka rehani nyumba ya familia. Hawezi kusema hakujua kama hakuuliza.

Huo "mkataba wa mauziano" ni mtego wa kawaida: mkopo unaandikwa kama kwamba ardhi imeuzwa, ili siku ya kushindwa kulipa mkopeshaji aje kama mnunuzi. Kwa hiyo kusanya ushahidi kwamba ulikuwa mkopo: ujumbe wa simu, risiti za riba, mashahidi. Andika barua kwa mkopeshaji ukisema wewe ni mke wa ndoa, mnaishi hapo, hukutoa idhini. Nakala mpelekee mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, apige muhuri kwamba ameipokea. Kama ardhi ina hati, nenda ofisi ya ardhi ya eneo lako uweke zuio kama mke. Sheria inakuruhusu hata kama jina lako halimo kwenye hati. Chukua cheti cha ndoa. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria kwa wasioweza kumlipa wakili.

Ulinzi huu ni wa waliofunga ndoa, iwe ya kanisa, ya Kiislamu au ya kimila. Wanaoishi pamoja tu bila ndoa hawana idhini ya kuombwa. Wengi hawajui hilo mpaka siku ya kufukuzwa.

Tusajili biashara kwa jina la nani? Mimi natoa mtaji, yeye ana madeni. — Dada, Kampala

Kwa jina lako peke yako, kwenye URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, kama jina la biashara. Msisajili ubia. Chini ya Sheria ya Ubia ya 2010 kila mbia anabeba madeni ya biashara, na akikopa kwa jina la duka amekukopea na wewe. Akisaidia dukani, mlipe posho iliyoandikwa. Leseni ya biashara, mkataba wa pango na akaunti viwe vya jina hilohilo. Weka pia risiti za friji na mashine zenye jina lako: wanaodai wakija kukamata mali yake, karatasi ndizo zitakazokutetea.

Angalizo moja: tangu 2019 mali inayohamishika, kama cherehani au bidhaa za duka, inaweza kuwekwa rehani na kuandikwa kwenye daftari la URSB. Ukinunua mashine iliyotumika, tafuta kwanza humo.

Na daftari linalipa. Kwa viwango vya kodi ya mapato vilivyowekwa 2020, biashara yenye mauzo ya milioni 10 hadi 30 kwa mwaka bila kumbukumbu hulipa 80,000. Yenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10. Kwa mauzo ya milioni 16, hiyo ni 24,000.

Nianze kwa siri? — Entebbe

Ficha salio, usifiche biashara. Duka hujulikana, na siku atakapolijua kwa jirani, mtakuwa na ugomvi wa pili juu ya ule wa kwanza. Lakini kama anakunyang'anya pesa kwa nguvu au kwa vitisho, hilo si suala la biashara tena. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inatambua ukatili wa kiuchumi. Anzia kwa LC1 au polisi, na pesa yako iwe mahali asipofika.

Kaya yetu imepata milioni 1 ya PDM, mpango wa serikali wa kukopesha kaya kupitia parokia. Mume anataka ilipe madeni kwanza. — Gulu

Hapana. Ile ni ya mradi mlioutaja, riba yake ni asilimia 6 kwa mwaka, na inarudishwa. Akilipia madeni nayo, mradi hautakuwepo wa kuirudisha. Nunueni mbuzi au kuku mlioandika, madeni yalipwe kwa faida.

Basi ni lini tunaweza kukopa kwa ajili ya biashara? — Lira

Daftari likiwa na miezi mitatu mfululizo, na rejesho la mwezi lisizidi theluthi moja ya faida ya mwezi mbaya kuliko yote mitatu. Msipime kwa mwezi wa Krismasi. Mkopo ununue kitu kinachofanya kazi, kama friza au cherehani ya pili, si bidhaa za kukopesha majirani. Ombeni tarehe ya rejesho iwe siku mbili baada ya siku ya soko, pesa ikiwa bado ipo.