DD-214 yangu haionyeshi Iraq wala nishani zangu. Nianzie wapi?

Swali

Kaka, habari za kazi. Niliingia jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2006 nikiwa na green card, nikawekwa 88M, dereva wa malori. Julai 2007 hadi Oktoba 2008 tulikuwa Iraq. Mwaka 2010 nikatoka, nikabaki jeshi la akiba, na 2013 tukaitwa tena, tukapelekwa Djibouti miezi tisa. Juzi nimeomba kazi ya serikali ya shirikisho wakataka DD-214, cheti cha kuachishwa jeshi. Kuitoa kabatini nikashangaa: kisanduku cha 12f, cha utumishi wa nje ya nchi, kimejaa sufuri. Iraq haipo, Djibouti haipo, na Army Commendation Medal, nishani ya pongezi niliyovishwa mbele ya kikosi kizima, haipo. Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi. Msafara wetu ulipigwa bomu la barabarani, wenzangu wawili wakapewa Combat Action Badge, beji ya walioshambuliana na adui, mimi sikupewa. Nataka waniandikie DD-214 mpya. Kuna jamaa hapa anasema ataitengeneza kwa dola mia tano. Nifanyeje?

Dereva mstaafu, Texas

Jibu

Ndugu yangu, nianze na huyo wa dola mia tano: achana naye. Kurekebisha rekodi za utumishi hakulipiwi hata senti, na DD-214 iliyopikwa mtaani ni hati ya kughushi. Kughushi cheti cha kuachishwa jeshi, au kukitumia huku unajua kimeghushiwa, ni kosa chini ya sheria ya shirikisho. Yeye atakula hela yako, kesi itabaki nawe. Na ukishampa hiyo fomu umempa pia namba yako ya Social Security.

Pili, DD-214 mpya usiitegemee. Kosa la kawaida likithibitishwa, jeshi linatoa DD-215, karatasi ya ukurasa mmoja inayosema katika kisanduku fulani ondoa hiki, weka kile. Hiyo inaambatana na DD-214 yako maisha yote. Wengi wanaiona kama kiraka kwenye suti. Mimi siioni hivyo, kwa sababu afisa yeyote anayeshughulika na maveterani anaijua na anaikubali.

Sasa, ulivyonieleza, umetia mizigo minne katika gunia moja. Kila mzigo una ushahidi wake, na ukiipeleka yote minne kwa pamoja utarudishiwa gunia zima.

Mzigo wa Djibouti si kosa kabisa. DD-214 inasimulia kipindi kimoja tu cha utumishi wa kudumu, kati ya tarehe iliyo 12a na ile iliyo 12b. Hiyo uliyonayo imefungwa 2010, haiwezi kujua ulikokwenda 2013. Askari wa akiba akiitwa kwa siku 90 au zaidi, siku anayoachiwa anapewa DD-214 nyingine ya safari hiyo. Kwa hiyo unayo ya pili, ya 2014 kwa hesabu zangu, hata kama hukumbuki kuisaini. Nimekaa na mtu aliyehangaika karibu mwaka kuomba marekebisho ya fomu yake ya kwanza, kumbe ya pili imelala kwenye bahasha ya siku ya kurudi, pamoja na risiti za hoteli. Ukishaipata, angalia kisanduku cha 13 kama kuna Global War on Terrorism Expeditionary Medal, nishani ya safari za vita dhidi ya ugaidi. Djibouti imo katika eneo lake, na siku 30 mfululizo zinatosha. Ikikosekana, ndipo lina sura ya kosa, na linafuata njia ileile ya Iraq.

Iraq ndiyo kosa halisi, nalo lina sehemu tatu kwenye fomu: 12f inayohesabu miaka, miezi na siku za nje ya nchi, 13 yenye nishani, na 18, kisanduku cha maelezo, ambako jeshi la nchi kavu huandika kwa herufi kubwa SERVICE IN IRAQ na tarehe za kuingia na kutoka. Omba zote tatu kwa majina yake. Nimeona watu wanaomba "nishani zangu" tu, wanaletewa DD-215 yenye medali huku 12f imebaki na sufuri zake.

Kabla ya kuandika barua yoyote, agiza jalada lako lote la utumishi, si DD-214 peke yake. Linaombwa bure kwa mtandao wa Hifadhi ya Taifa ya Marekani, eVetRecs, au kwa karatasi kupitia fomu SF-180. Utasikia watu wakikuambia rekodi ziliungua St. Louis, zilikokuwa zimehifadhiwa. Kweli kulikuwa na moto Julai 12, 1973, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, lakini kwa jeshi la nchi kavu yalikuwa ya watu walioachishwa kati ya 1912 na mwisho wa 1959. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Jalada lako ni la kielektroniki, kama ya wote waliotoka baada ya Oktoba 2002.

Jalada likifika, tafuta amri ya maandishi ya kupelekwa, ile yenye jina lako na si orodha ya kikosi tu. Isome vizuri, maana amri nyingi za miaka ile ziliandika Kuwait kwa kuwa ndiko mlikoshukia ndege. Vivyo hivyo slipu zako za mshahara. Zitaonyesha ile posho ya hatari ya dola 225 kwa mwezi, na W-2 zako, zile karatasi za kodi ya mshahara, za 2007 na 2008 zitakuwa na herufi Q katika kisanduku cha 12, yaani mshahara wa eneo la vita usiotozwa kodi. Ushahidi mzuri, lakini Kuwait nayo ilikuwa inalipwa hivyohivyo. Karani anayeisoma anaona ulikuwa eneo la vita, haoni kwamba ulivuka mpaka. Kwa hiyo unganisha na karatasi inayotaja Iraq yenyewe: tathmini ya utendaji wa kazi kama ulikuwa tayari na cheo cha sajenti, au Enlisted Record Brief, ule ukurasa mmoja wa muhtasari wenye sehemu ya safari za nje. Karatasi ya matibabu ya kambini nayo inasaidia, hata ya jino. Picha ukiwa na lori jangwani weka kwa ajili ya wajukuu.

Safari ya miezi kumi na tano ikithibitika, Iraq Campaign Medal, nishani ya vita vya Iraq, inakuja yenyewe, kwani inahitaji siku 30 mfululizo au 60 za kuungaunga. Usisahau nyota yake. Jeshi liligawa vita vya Iraq katika vipindi, na tarehe zako zote zinaangukia kipindi cha Iraqi Surge, Januari 10, 2007 hadi Desemba 31, 2008. Hiyo ni nyota moja ya shaba juu ya utepe, iandike kwenye ombi. Omba pia waangalie nishani za kikosi. Zile hutolewa miaka kadhaa baada ya watu kutawanyika, na ni nadra mtu aliyekwisha kutoka kuarifiwa.

Army Commendation Medal ni rahisi au ngumu kutegemea karatasi moja. Kuvishwa mbele ya gwaride hakuhesabiki. Kinachohesabika ni namba ya amri. Chukua cheti chako, tazama chini karibu na saini: mara nyingi kuna maneno Permanent Orders, yaani amri ya kudumu, namba na tarehe. Vikiwepo, tuma nakala na kazi imekwisha. Cheti kikiwa kimepotea, tafuta kwenye jalada fomu DA 638, ndiyo ya kupendekezea nishani, na namba iko katika sehemu ya mwisho. Ukikosa vyote viwili, piga simu kwa aliyekuwa karani wa kikosi au sajenti wako wa platuni. Watu wa jeshi wanatunza diski za zamani kuliko unavyodhani.

Haya matatu, yaani Iraq, nishani hii, na Djibouti kama itahitajika, yanapelekwa ofisi ya utumishi ya jeshi la nchi kavu, HRC, iliyoko Fort Knox, Kentucky. Barua iliyosainiwa kwa mkono, nakala ya DD-214, vielelezo vilivyopewa namba. Ukurasa mmoja unatosha. Andika: kisanduku hiki kinasema hivi, kinatakiwa kusema hivi, ushahidi ni kielelezo namba fulani. Hasira na masimulizi ya vita yaache nyumbani, maana anayesoma anatafuta tarehe.

Kitu kimoja kinachotukuta sisi wahamiaji hasa. Jina. Kama uliingia jeshini na majina matatu ya pasipoti ya nyumbani, kisha ukapata uraia ukayapanga upya, rekodi zako zinaweza kuwa zimegawanyika, nusu kwa jina la baba na nusu kwa la babu. Taja kwenye barua majina yote uliyowahi kutumia jeshini. Usiombe DD-214 ibadilishwe jina kwa sababu tu ulilibadilisha baada ya kutoka. Fomu inabaki na jina ulilotoka nalo, na hati ya uraia ndiyo inayounganisha hayo mawili.

Combat Action Badge ndiyo mzigo mzito, na nakuambia wazi kwamba unaweza kuukosa. Tofauti yake na mingine ni kwamba hapa hakuna aliyekosea kunakili. Beji haikuwahi kupendekezwa. Iliundwa 2005 kwa askari wasio wa miguu, madereva kama wewe, waliokuwepo wenyewe adui aliposhambulia au waliposhambulia wao. Kuwa kwenye msafara uliopigwa si lazima kutoshe. Swali watakalouliza ni lori lako lilikuwa umbali gani na mlipuko, na je, ungeweza kuumia. Andika tukio kwa tarehe, barabara, nafasi ya gari lako na nani alikuwa pembeni yako. Pata maelezo ya kiapo ya mashahidi wawili waliokuwepo, wala si waliosimuliwa. Hao wenzako wawili wenye beji ni dhahabu: amri zao zinataja tarehe ya tukio lilelile. Omba nakala, peleka kitengo cha nishani cha HRC hiyohiyo, lakini kwa ombi la peke yake. Usilichanganye na yale matatu, lisije likayachelewesha.

HRC wakikataa, ndipo unakwenda bodi ya marekebisho ya rekodi za jeshi, kwa fomu DD-149. Bodi hizi za raia zilizaliwa na sheria ya 1946, Bunge lilipochoka kupitisha muswada mmoja mmoja kwa kila askari mwenye kosa kwenye jalada. Zina nguvu kubwa kuliko ofisi yoyote hapo chini, lakini zinataka uwe umekwisha gonga milango ya chini kwanza, na zinaanza na dhana kwamba rekodi iko sahihi mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Sheria inasema uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Andika tarehe uliyogundua, na kama kuna anayeweza kusema ulipaswa kujua tangu 2010, eleza kwa sentensi mbili kwa nini bodi ikusamehe. Inaruhusiwa kufanya hivyo kwa ajili ya haki. Subira iwe ya miezi: sheria inataka maombi tisa kati ya kumi yaamuliwe ndani ya miezi kumi. Usichanganye fomu hii na DD-293, ambayo ni ya wanaotaka aina ya kuachishwa kwao ibadilishwe. Mtu mmoja alinijia ametuma hiyo ili adai medali.

Kuhusu kazi, nina habari njema. Pointi tano za upendeleo wa maveterani hazikusubiri medali. Waliotumikia zaidi ya siku 180 mfululizo, sehemu yoyote ikiwa kati ya Septemba 11, 2001 na Agosti 31, 2010, na wakaachishwa kwa heshima, wanazo tayari. Miaka yako minne iko kwenye 12c. Tuma hiyo DD-214 ilivyo, leo, kabla tangazo halijafungwa. Angalia tu isiwe nakala fupi isiyo na visanduku 23 hadi 30, kwa sababu mwajiri anataka kuona aina ya kuachishwa.

Wala VA, idara ya maveterani, usiisubirishe. Chini ya sheria iitwayo PACT Act ya Agosti 2022, Iraq na Djibouti zote zimo katika maeneo ambayo aliyekuwepo anahesabiwa kuwa alivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Kama una pumu iliyoanza baada ya utumishi, au tatizo la sinasi lisiloisha, wajulishe sasa kwamba unakusudia kudai. Taarifa hiyo inakushikia tarehe kwa mwaka mzima huku ukikusanya karatasi, na VA wanaweza kuupima ushahidi wa safari zako wenyewe bila kungoja DD-215.

Msaada ukihitajika, Texas kila kaunti kubwa ina afisa wa maveterani, na vyama vya maveterani vya American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi wasiotoza kitu. Ukija nao, au ukinitumia mimi, funika namba ya Social Security kwenye nakala. Na usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hata kama shangazi anataka kuiona hiyo medali.

Anza na jalada wiki hii. Amri yako ikishafika na ukaona inasema Kuwait peke yake, niandikie tena kabla hujatuma chochote Fort Knox.