Re: Lile doa la Athens ni kweli?
Mkuu umeuliza kama lile doa lenye umbo la mtu kwenye hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili kule Athens, Ohio ni kweli au stori za vijiweni. Doa lipo. Mgonjwa mmoja mwanamke alipotea Desemba 1978 wakamtafuta weee, Januari ndo wanamkuta kafa kwenye wodi isiyotumika, wiki zote hizo mwili uko sakafuni, mafuta yake yakashikana na zege, ndo maana hata wasugue vipi halitoki. Ile ya mzimu kuchungulia dirishani usiku ni stori za wanafunzi tu, maana hospitali ilifungwa 1993 na majengo yakaenda Ohio University. Mi kinachonitisha ni makaburi ya wagonjwa pale hospitali, mengi yana namba tu jina hakuna.