X-Men: usianzie 1963
Ndugu yangu, unauliza ushike enzi gani ya X-Men, vile vitabu vya katuni vya Marvel vya kikosi cha mashujaa wenye nguvu za ajabu, kwa vile matoleo makuukuu uliyonunua huko mjini hayafuatani. Anzia 1975. Yale ya 1963, ya Stan Lee na Jack Kirby, chungulia tu. Yalidorora hata kuanzia 1970 wakawa wanachapa upya hadithi za zamani. Len Wein na Dave Cockrum ndio waliokifufua kikosi, na hapo ndipo alipoingia Storm, Ororo wetu, mama yake Mkenya. Wanamkuta Kenya akiabudiwa kwa kuleta mvua (angeshuka Mombasa mwezi wa Mei angekuta mvua imeshamtangulia!). Halafu Chris Claremont akashika kalamu mpaka 1991. Raha yenyewe iko kwenye miaka aliyochora John Byrne, 1977 hadi 1981: Jean Grey, mmoja wa kikosi, anaharibika polepole, toleo baada ya toleo, na ukifika mwezini anakofia unaona kabisa hakuwa na njia nyingine. Miaka ya 1990 misuli mingi, hadithi haba, ruka. Alizoandika Grant Morrison kuanzia 2001, soma. Enzi ya Krakoa ya 2019, kikosi kinapohamia kisiwa cha jina hilo, iache mwisho, itakuvuruga kama wenyewe hujawajua.