Kwani Hispania Kuna Paella Tu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwezi wa kumi inshallah mimi na mume wangu tunaenda Hispania, tutaanzia Madrid halafu Valencia tumalizie Seville. Kila ninayemuuliza tukale nini ananijibu paella, kwani hawana kingine? Na sisi hatuli nguruwe wala pombe hatugusi. – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wanaokwambia paella naona wameishia Madrid, wakauziwa ule wali wa njano wenye picha mlangoni saa tatu usiku. Paella ni ya Valencia, kaile hukohuko, tena mchana, wenyewe usiku hawaili. Ya asili haina kamba wala chaza, ni kuku na sungura, maharage mabichi, yale mapana meupe wanayoyaita garrofó, na zafarani. Mpunga unalimwa pale Albufera kusini ya mji, kilimo walichokiacha Waislamu wa Al-Andalus, yaani Hispania ya enzi za utawala wa Kiislamu, panda basi mpaka kijiji cha El Palmar mkaagize ya watu wawili na msubiri maana inapikwa mkishaagiza, halafu msiache ukoko, huo ndo wenyewe wanaugombania.

Madrid chakula chao kikubwa ni cocido, dengu na nyama zinachemshwa pamoja, ila humo nguruwe kajaa, achaneni nayo. Kuleni mkate wa ngisi wa kukaanga, unauzwa vichochoro vya karibu na uwanja wa Plaza Mayor. Na wewe mtu wa Tanga usirudi hujaonja pweza wao wa Galicia, jimbo la kaskazini-magharibi, anaitwa pulpo a feira, kwao anachemshwa kwenye sufuria la shaba, anakatwa kwa mkasi, anawekwa kwenye sahani ya mbao na chumvi ya mawe, mafuta ya zeituni na paprika. Basi. Hana nazi, hana ndimu, na mimi nampenda hivyohivyo (najua mtanisema). Galicia ni mbali na njia yenu lakini Madrid mikahawa ya Wagalicia ipo tele.

Seville ndo mtajisikia nyumbani, agizeni espinacas con garbanzos, spinachi na dengu zenye bizari nyembamba na vitunguu saumu, na samaki wa kukaanga.

Kuhusu nguruwe, usiamini jina la chakula. Supu ya mboga au maharage unakuta vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ndani, ukimwambia mhudumu huli nyama anaweza akaona jamón haihusiki, kwahiyo uliza kwa jina, “¿lleva cerdo, jamón o tocino?”, yaani kina nguruwe, jamón au mafuta yake? Kwenye vitu vitamu angalia neno manteca, hayo ni mafuta ya nguruwe. Mchuzi wa samaki nao uliza “¿lleva vino?”, yaani una divai, maana wanaitia sana. Halafu saa nane mchana muwe mmeshakaa mezani, siku za kazi kuna menú del día, sahani mbili na kitamu kwa bei moja, mkichelewa mpaka saa kumi jiko limefungwa na mtashinda na njaa mpaka saa mbili na nusu usiku.